Tumepata mtoa mada wa mafunzo ya walimu wa kata. Tumpe kazi gani?

Madam wa Uru

Habari za jioni, walimu. Naomba ushauri kwa waliowahi kuandaa mafunzo ya ngazi ya kata.

Mimi ni mwalimu wa taaluma katika shule ya msingi huku Uru, Moshi Vijijini. Afisa elimu kata amenikabidhi kuratibu siku ya mafunzo wakati wa likizo ya Juni, kwa walimu wa darasa la I hadi la IV wa shule zote za kata. Tumebahatika kupata mhadhiri wa hisabati anayefundisha walimu chuoni hapa Moshi mjini. Amekubali kuja bila kudai malipo, tumtafutie usafiri tu. Aliponipigia aliniuliza, "Mnataka nizungumzie nini?" Mpaka leo sijampa jibu.

Wenzangu wanapendekeza "mbinu shirikishi katika mtaala ulioboreshwa". Sina ugomvi na mbinu shirikishi, lakini tangu mtaala huu uanze Januari 2024 kwa awali, darasa la I na la III, mada hiyo tumeisikia kila tulipoitwa. Slaidi zinapita, tunanakili, tunapiga picha ya pamoja, kisha mwalimu anarudi kwenye darasa lake la watoto zaidi ya themanini na kufundisha kama jana. Sitaki mgeni huyu aondoke hivyo. Ni mtu anayeijua kazi, na hisabati ndiko watoto wetu wanakoumia zaidi.

Chai na chakula cha mchana shule zimechangia. Ukumbi ni darasa letu. Umeme upo, ila wa kubahatisha. Ingekuwa ni ninyi mngemwambia nini?

Ticha Sakina

Hongera Madam kwa kumpata. Mawili tu kutoka Arusha. Msipange Jumamosi, walimu Wasabato hawatafika na hamtakuwa mmewatendea haki. La pili, kama kuna mgeni rasmi, mwombeni aje kufunga, asije kufungua. Akichelewa wakati wa kufungua, asubuhi yote mnakaa mnamsubiri, na muda unaopotea ni wa mtoa mada.

Mwalimu Ngaramtoni

Madam, mwambie mhadhiri azungumzie madaftari ya watoto wenu. Namaanisha madaftari yenyewe, yakiwa mezani mbele yake.

Huku kwetu tulifanya hivyo. Kila mwalimu aliombwa aje na madaftari machache ya hisabati kutoka darasani kwake, na sharti likawa yawe yenye majibu yaliyokosewa. Wapo waliokuja na ya watoto hodari, vema mwanzo hadi mwisho. Tuliwashukuru, tukawaomba wakalete mengine.

Mwezeshaji wetu hakuwasha projekta. Alifungua daftari moja, akaandika ubaoni kama mtoto alivyoandika: 52 − 27 = 35. Akauliza, "Huyu amefikiri nini?" Mwalimu mmoja akajibu haraka kwamba hajui kutoa. Mwezeshaji akanyamaza, akaendelea kunyamaza, mpaka tukaanza kutazamana. Ndipo mama mmoja wa darasa la II akasema kutoka nyuma, "Kutoa anajua. Ametoa ndogo kwenye kubwa. Saba toa mbili ni tano, tano toa mbili ni tatu."

Ungeona watu walivyoinamia yale madaftari! Shule baada ya shule, kosa ni lile lile. 41 − 18 limejibiwa 37. 63 − 25 limejibiwa 42. Miaka yote tulikuwa tunaweka alama ya kosa kwa kalamu nyekundu na kumwambia mtoto afanye masahihisho, kumbe watoto wa shule tofauti kabisa wanafuata njia moja, na ina mantiki yake.

Hapo utaalamu wa mgeni ukapata kazi. Alituonyesha kwamba mtoto anaziona mamoja na makumi kama hesabu mbili zisizojuana. Na ile kanuni ya "toa ndogo kwenye kubwa" anaipata kwetu sisi, tunapomfundisha kutoa namba za tarakimu moja. Kule inamfaa, kwa hiyo haoni sababu ya kuiacha. Kisha akagawa vijiti tulivyokuwa tumeambiwa tuje navyo, kumi kumi vimefungwa kwa mpira. 52 ni mafungu matano na vijiti viwili. Unatakiwa utoe saba, na mkononi una viwili. Ufanyeje? Lazima ufungue fungu moja. Sasa una mafungu manne na vijiti kumi na viwili. Toa saba, vinabaki vitano. Toa mafungu mawili, yanabaki mawili. 25. Baada ya kufungua ule mpira kwa mkono wako ndipo unarudi ubaoni kukata 5 na kuandika 4 juu yake, na mtoto anajua hiyo 4 imetoka wapi.

Vijiti havihitaji umeme, Madam, wala bajeti. Watoto themanini wanakaa vikundi, kila kikundi na vijiti vyake.

Mchana tulikaa kwa madarasa tukaandaa somo moja tu, la kosa hilo hilo. Mwenzetu akalifundisha mbele yetu, sisi tukiwa wanafunzi, tukamkosoa kwa upole, tukalirekebisha. Kila shule ikaondoka na andalio la somo lililokwisha kujaribiwa. Shuleni tuliendelea nalo kwenye jumuiya zetu za ujifunzaji za MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), kwa hiyo kazi haikuishia siku ile.

Kwa hiyo usimpe mada. Mpigie picha kurasa kama kumi za madaftari, ficha majina ya watoto, mtumie kwa WhatsApp wiki moja kabla. Mwambie na idadi ya watoto darasani na vitabu mlivyonavyo. Mhadhiri akiona kurasa hizo atajua mwenyewe aseme nini.

Mthibiti Mstaafu

Nimesoma nikiwa hapa Soweto, Moshi, nimefurahi. Mwanangu wa Ngaramtoni ameeleza vizuri, nami naongeza kuhusu pale mwezeshaji aliponyamaza.

Mmarekani Mary Budd Rowe alilichunguza jambo hili madarasani na kuliandikia katika miaka ya 1970. Aliona walimu wakishauliza swali husubiri kama sekunde moja tu, kisha wanamtaja mwingine au wanajibu wenyewe. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, wale wa "sijui" wakapungua, na waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Katika ukaguzi wangu nimekaa nyuma ya madarasa mengi mno, nami nakiri kwamba sekunde tatu ni ndefu kweli kwa mwalimu aliyesimama mbele ya watoto. Mwombe mhadhiri awafanyishe zoezi hilo, mmoja aulize, mwingine ahesabu sekunde kwa saa. Ni dakika chache tu, na faida yake ni kwa masomo yote.

Madam wa Uru

Shikamoo mzee. Asante sana, na asante Mwalimu wa Ngaramtoni, nimekusoma mara mbili.

Nina hofu moja. Walimu wakuu watakuwepo, na afisa elimu kata pia. Mwalimu akiombwa alete madaftari yenye makosa ataona anajipeleka kushtakiwa. Nawajua wenzangu, watakuja na yale ya vema mwanzo mwisho, au wataaga kwamba wanaumwa. Kwenu mliliwezaje hilo?

Mthibiti Mstaafu

Marahaba. Hofu hiyo ni ya haki, na wa kuiondoa ni wakubwa. Afisa elimu kata aseme kwa kinywa chake, mapema, kwenye kikao cha walimu wakuu, kwamba hakuna daftari litakaloandikwa kwenye taarifa yoyote. Akishindwa kulisema hilo, bora muache madaftari.

Mwalimu Ngaramtoni

Mzee amesema kweli. Kwetu afisa elimu kata alitamka, na alipofika akakaa kwenye kikundi cha darasa la III akafungua vijiti kama sisi. Walimu wakuu nao waliingia vikundini, hakukuwa na meza kuu.

Pia tulivua majalada yote yenye jina la shule, madaftari yakachanganywa kwenye boksi moja. Ukichukua daftari hujui limetoka shule gani. Mwalimu aliyekuja na ya vema tupu alijikuta anajadili kosa la mtoto wa shule nyingine, na hapo ulimi ukafunguka.

Angalizo la mwisho, Madam. Mafunzo yenu ni ya likizo, na shule zikifungwa watoto wanaondoka na madaftari nyumbani. Ongea na walimu wakuu wiki hii yakusanywe kabla ya siku ya kufunga, yafungiwe ofisini kwako. Na vijiti vivyo hivyo, waagize watoto wavilete sasa wakiwa bado wapo.