Naunda Millennium Falcon ya 1977 kwenye Blender (programu ya 3D), vipimo vinagoma. Naomba ushauri

Mchongaji_Usiku: Wakuu, habari za saa hizi. Naunda upya ile modeli ya chombo cha anga Millennium Falcon iliyotumika kwenye filamu ya kwanza ya Star Wars. Nataka modeli yenyewe ilivyokuwa studio, si chombo cha kwenye hadithi. Nikifuatisha picha moja, mataya ya mbele (zile ncha mbili zilizochomoza) yanakaa sawa. Nikileta ya pili, yamezidi urefu na sahani nzima, yaani mwili wake wa duara, imepinda. Nianzie wapi?

fundi_plastiki: Mkuu, hakikisha kwanza picha zote ni za modeli moja. Ya 1977 ina kama mita 1.5. Kwa filamu ya 1980 ILM (studio iliyounda modeli za filamu hizo) waliunda nyingine ndogo, kama sentimita 81, na vidude vilivyobandikwa juu yake havilingani na vya kubwa. Hata ile kubwa waliigusa: mwanzo ilikuwa na miguu mitatu ya kutua, wakaongeza miwili. Picha yenye miguu mitano weka pembeni.

Lenzi35: Na usiivute modeli ifuate picha. Picha ya karibu hurefusha kilicho mbele, ndiyo maana mataya yanakusumbua. Kila picha ipe kamera yake ndani ya Blender, uisogeze mpaka kingo zikubaliane.

Mchongaji_Usiku: Asanteni sana. Ila kamera niipime kwa nini, wakati ukubwa kamili wa kitu chochote pale sina?

fundi_plastiki: Unao! Vile vidude vingi vilitoka kwenye seti za plastiki za madukani: vifaru, magari ya vita, ndege. Watu walivikata wakabandika. Tafuta seti ya zamani iliyotoka kwenye molda ileile, utambue hata kipande kimoja, ukipime kwa kalipa (kifaa cha kupimia vitu vidogo). Uwiano wa 1/35 ulioandikwa kwenye boksi usikushughulishe, pima plastiki yenyewe. Hiyo ndiyo rula iliyomo ndani ya picha. Ukipata kimoja kwenye taya na kingine huko nyuma karibu na injini, kamera haina pa kukimbilia. Kazi hii inachosha macho, lakini mimi sijaona njia ya uhakika kuipita.

Bi_Skruu: Naongezea, mwanangu: usiunde nusu ukaigeuza kama kioo. Ile ni kazi ya mikono, kidude cha kushoto mara nyingi hakina mwenzake kulia. Chora kila upande kwa picha zake.

Mchongaji_Usiku: Shikamoo Bi Skruu, nimekupata. Nazima kioo, natafuta seti ya kifaru kwanza.