Bibi ninayemhudumia anaficha sukari mfukoni, nimwandike au nimwache?

DadaWaTanga:
Habari za jioni wadau. Niko Uingereza mwaka wa tatu, kazi yangu ni kuzunguka majumbani kuwaogesha wazee, kuwapa dawa na kuwatengenezea chai. Jumatatu hadi Alhamisi zamu yangu ya jioni ni kwa bibi mmoja wa miaka 91. Akili bado inachemka, kwenye hesabu ya chenji hunishinda. Ila kuna mambo yananitatiza.

Kwanza ni pazia. Siku hizi za baridi giza linaingia saa kumi jioni. Ukitaka kuwasha taa, sharti pazia liwe limeshafungwa na pembe zake zimechomekwa nyuma ya kochi. Siku moja niliwasha taa ya jikoni dirisha likiwa wazi, alipiga ukelele nikajua ameanguka. Halafu hunituma nje, kwenye baridi ile, nikaangalie kama mwanga unavuja!

Pili ni sukari. Nampa vipande viwili, kimoja anatia kwenye chai, cha pili anakifunga kwenye leso na kukitia mfukoni. Juzi nafua sweta lake nikakuta kumi na moja.

Na ndani ya mlango wa kabati la nguo ametundika kikaratasi kigumu cha kahawia chenye tundu na kamba, kama vile tunavyofungia mizigo ya basi. Wino umefifia, sisomi kitu. Nikifuta vumbi ananiambia, "Hicho usikiguse."

Msimamizi wangu anasema niandike kwenye faili kwamba anarundika chakula na ameanza kuchanganyikiwa. Mimi roho inasita. Kuna aliyewahi kukutana na hili?

MzeeWaMakabrasha:
Dada, usiandike kwanza, piga hesabu ya umri wake. Uingereza ilitangaza vita tarehe 3 Septemba 1939. Huyo alikuwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Amri ya giza ilianza siku mbili kabla ya tangazo. Kila nyumba ilitakiwa kuziba madirisha jua likizama, ndege za Wajerumani zisipate alama ya mji. Walinzi walipita mitaani, na ukiacha upenyo unagongewa mlango, hata faini unalimwa. Tochi iliruhusiwa, lakini kioo chake ukizibe kwa karatasi laini. Kingo za barabara zilipakwa rangi nyeupe kwa sababu watu walikuwa wanagongwa na magari gizani. Mtoto aliyekua hivyo miaka mitano mfululizo, pazia limemwingia kwenye damu.

Hicho kikaratasi nadhani ni cha safari. Kuanzia tarehe 1 Septemba 1939, ndani ya siku tatu tu, watu wapatao milioni moja na nusu walihamishwa kutoka miji mikubwa, wengi wao wanafunzi bila wazazi. Kila mtoto alifungwa jina lake kwenye koti, na begani akaning'iniza boksi lenye barakoa ya gesi ya sumu. Mwenyeji aliyempokea mtoto mmoja alilipwa na serikali shilingi kumi na nusu kwa wiki.

Sukari iliingia kwenye mgao Januari 1940 pamoja na siagi na nyama ya nguruwe. Sehemu kubwa ya vita mtu alipata kama gramu 227 kwa wiki, basi. Pipi nazo zikafuata 1942, na hazikutoka moja kwa moja kwenye mgao hadi Februari 1953. Huyo bibi alikuwa msichana mkubwa tayari.

KijanaWaMuheza:
Mama yangu ana kopo la sukari chini ya kitanda tangu foleni za 1983, na hakuna aliyemfungulia faili 😂

NesiLeicester:
Mimi nilimhudumia mzee mmoja, radi ikipiga anaingia chini ya meza. Siyo kuchanganyikiwa. Wakati wa vita walipewa meza ya chuma yenye wavu pembeni, ikiitwa Morrison. Mchana mnalia chakula juu yake, usiku familia inalala chini. Nilimuuliza kama aliogopa mabomu. Akasema walilala humo yeye, dada zake wawili na mbwa, na kilichomnyima usingizi ni mbwa kujamba.

Muulize bibi mwenyewe. Ila umuulize akiwa na chai mkononi, siyo unapomvua nguo.

DadaWaTanga:
Nimerudi na mrejesho. Jana nilikaa naye, sikushika kalamu wala simu.

Ni mtu wa London mashariki. Walipelekwa Somerset yeye na kaka yake wa miaka minane, wakapangwa ukumbini kama mbuzi wa mnadani, wenyeji wanapita wanachagua. Mkulima akamchukua kaka kwa sababu ana mabega. Yeye alibaki mpaka taa zinawashwa, akachukuliwa na mama mmoja mjane. Anasema mjane hakuwa mbaya, alikuwa wa kupima tu. Kila mtu pale nyumbani alikuwa na chupa yake ya sukari yenye jina.

Kaka alikuja kumwona Jumapili, anakata kilima kwa mguu. Shambani alikuwa anapata mayai, ila sukari yake mke wa mkulima aliimalizia kwenye jamu. Basi dada mtu wiki nzima anajinyima, anaweka kijiko kimoja kimoja kwenye leso. Kaka naye anakuja na yai ndani ya kofia. Wanabadilishana nyuma ya kanisa, kaka analamba sukari yote hapo hapo kwenye leso. Yai liliwahi kupasuka mara moja, kofia ilinuka hadi Pasaka. Alicheka mpaka nikamshikia kikombe.

Huyo kaka alizikwa mwaka juzi. Vipande vya mfukoni vimeanza hapo, binti yake kanithibitishia kwenye simu.

Kwenye faili nimeandika: "Pazia lifungwe kabla ya taa. Sukari ya mfukoni aachiwe, ikaguliwe kabla ya kufua." Msimamizi hajajibu.

Leo nimetumwa nje tena. Nikaona mstari mwembamba wa mwanga, pembe ya kushoto ya dirisha la jikoni. Nikarudi nikamwambia.

Akasema, "Unaona?"