Benki zinacheza pata potea kwa amana za watu, zikiliwa bili inaletwa kwetu

Wakuu, leo nina hasira, mtanisamehe.

Sisi tunaobeba maboksi huku Marekani kodi tunakatwa juu kwa juu kabla hela haijaingia kwenye akaunti. Halafu kuna jamaa wa suti wanachukua amana zilizodhaminiwa na serikali wanaenda kubetia. Wakila, bonasi. Wakiliwa, Washington haipati usingizi. Oktoba 2008, kwenye msukosuko wa fedha, Congress (bunge lao) ilipitisha dola bilioni 700 za kuwaokoa. Kampuni ya bima ya AIG peke yake ilitengewa hadi bilioni 182, na Machi 2009 kitengo kilichoizamisha kikagawiana bonasi za milioni 165. Kitengo kilekile!

Na asije mtu hapa na hoja ya "mbona hela za mabenki zilirudi na faida". Zilirudi hazina, sawa. Waliopigiwa mnada nyumba zao kwenye msukosuko huo walirudishiwa nini?

Mzee Paul Volcker, aliyewahi kuiongoza benki kuu yao, akasema jambo la akili: benki inayolindwa na serikali isibahatishe kwa faida yake yenyewe. Anayetaka kubahatisha akafungue kampuni yake, ikifa afe nayo. Likaingia kwenye Dodd-Frank, sheria ya Marekani ya kudhibiti mabenki, 2010, likaitwa kanuni ya Volcker. Mabenki yakakomaa yaachiwe mlango wa "kinga", yaani dili la kufidia hasara ya dili jingine.

Kinga gani? Benki kubwa ya Marekani, JPMorgan, 2012, ofisi ya London. Kitengo kinachotunza amana za ziada kikapoteza dola bilioni 6.2, na muda wote kwenye makaratasi wameandika kinga. Januari mwaka huo walibadilisha fomula ya kupimia hatari, hatari ikashuka karibu nusu hapohapo. Hawajauza kitu, wamebadilisha rula tu! Uchunguzi wa benki yenyewe ukakuta fomula hiyo inaendeshwa kwenye faili za Excel, mtu anakopi na kupesti kwa mkono, na mahali fulani wamegawanya kwa jumla badala ya wastani. Form two anachapwa kwa kosa hilo.

Ungedhani baada ya hapo kamba zitakazwa. Wapi! 2018 benki nyingi zenye mali chini ya bilioni 10 zikatolewa kwenye kanuni hiyo ya Volcker. 2019 wasimamizi wakafuta kipengele kilichosema dili lililoshikiliwa chini ya siku 60 lihesabiwe kubahatisha mpaka benki ithibitishe vinginevyo. Yaani aliyetakiwa kujieleza kaachiwa, anayehangaika sasa ni msimamizi.

Kipengele cha siku 60 kirudi, na bonasi za hawa madalali zishikiliwe miaka kadhaa mpaka dili zao zikomae ndipo walipwe.

Na nyie mnaofanya kazi benki, mnaopenda kutuambia hatuelewi masoko, karibuni. Nina swali moja tu: ile kinga ya London ilikuwa inakinga nini?