Tupeane uzoefu: kijana unayefufua gari la zamani lisilo salama, ulianzia wapi?

Mleta uzi:
Habari zenu wakuu. Nina miaka 22, babu ameniachia Volkswagen Beetle ya 1964, ilikuwa imelala bandani miaka kumi na kitu. Wiki tatu nimehangaika na kabureta, ndani uchafu umeganda kama gundi, mpaka siku injini ikawaka, jamani ule mlio wake ulinipagawisha. Nikaanza kuchora itakavyokuwa, niishushe, rimu pana, rangi mbili, viti vipya. Juzi nikasema niizungushe uani kidogo, nikakanyaga breki, pedali ikazama mpaka sakafuni na gari inaenda tu, nimeisimamisha kwa hendibreki. Nikabaki nimekaa mlemle ndani nikaanza kuiangalia kwa jicho jingine, hakuna mkanda hata mmoja, nguzo ya usukani ni chuma kigumu kimenyooka kuelekea kifuani kwangu, tenki la petroli liko mbele ya magoti. Gari hii naipenda na siiuzi. Ila waliopita njia hii nawaomba, mlianzia wapi, na nini kilitaka kuwatoa roho?

Mdau wa 1:
Pole mdogo wangu na hongera pia. Hiyo pedali ndo imekuonyesha pa kuanzia. Beetle ya mwaka huo masta silinda yake, yaani ile pampu inayosukumwa na pedali ya breki, ina chumba kimoja, breki za magurudumu yote manne zinategemea mafuta ya sehemu moja, ukitoboka mpaipu mmoja au wili silinda moja (kile kisilinda cha kwenye gurudumu kinachosukuma breki shuu) ikaanza kuvuja huna breki mbele wala nyuma. Zilizokuja baadaye zina vyumba viwili, kimoja kikifa kingine kinakufikisha.

Mimi yangu ilikuwa ya 1961. Nilibadilisha breki shuu nikajiona nimemaliza kazi. Miezi miwili baadaye nateremka mlima gari ikaanza kuvuta kushoto na harufu ya kuungua, nasimama kugusa rimu ikaniunguza vidole. Nikafungua lile gurudumu mara tatu sioni kosa, nimebadilisha wili silinda bure, kumbe shida ni ule mpira mfupi wa breki unaoingia gurudumuni, ndani umevimba kwa uzee ila nje unang'aa kama mpya, ukikanyaga mafuta yanapita ukiachia hayarudi, breki inabaki imeng'ang'ania. Toka siku hiyo breki za gari la zamani siziamini kwa macho, nabadilisha masta, wili silinda, mipira yote na mipaipu yenye kutu, kwa mpigo mmoja. Na mafuta yake usiyasahau, yanafyonza unyevu wa hewani, yakizeeka yanachemka mapema, na yakichemka mguu unakanyaga mvuke. Kila miaka 2 mimi namwaga.

Masta za vyumba viwili zinazoingia kwenye Beetle za zamani zipo, ningekuwa wewe ndo urembo wangu wa kwanza huo. Halafu ukifungua dramu usipulize vumbi kwa kompresa, breki shuu za enzi hizo zilikuwa na asbesto, lowesha kwanza ndo ufute.

Mdau wa 2:
Kaka kabla hujaiwasha tena nyanyua kiti cha nyuma uangalie betri. Kwenye Beetle betri inakaa chini ya kiti cha nyuma na springi za kiti ni chuma tupu. Kiwandani iliwekwa kifuniko juu ya betri, watu wakibadilisha betri wanakitupa. Mimi siku hiyo nimebeba binamu zangu wawili nyuma, watu wazima, tumepita kwenye tuta kiti kikabonyea springi zikagusa vichwa vya betri. Ule ujazo wa kiti ni nyuzi kavu, ulishika moto kama nyasi, tulikuwa tumeshatoka nje moshi umejaa mpaka hauoni usukani. Kilichookoa gari ni mtungi wa kuzimia moto wa jirani aliyekuwa anapita na gari lake, mimi sikuwa nao, na kuanzia hapo siendeshi gari yoyote bila mtungi mahali mkono unafika.

Na mipira ya petroli, hii nasema kwa msisitizo. Injini iko nyuma, hutaona moshi mpaka umechelewa. Petroli ya sasa mara nyingi imechanganywa na ethanoli na mipira ya kizamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo, inakakamaa inapasuka. Ukipinda mpira ukaona mistari, toa yote, funga na klipu za kukaza. Kile kibomba kidogo kinachoingiza petroli kwenye kabureta nacho kitikise kwa mkono, vingine vimelegea kabisa na vikichomoka petroli inamwagika juu ya injini ya moto.

Mdau wa 3:
Mimi nilianza na rangi. Najuta mpaka leo. Gari ilitoka imependeza watu wanapiga picha barabarani, halafu fundi mmoja mzee akachukua sumaku akaifunga kwenye kitambaa akaipitisha chini ya milango, ikawa inadondoka, inadondoka, inadondoka. Puti tupu, ile ya kujazia bodi, sumaku haiishiki! Chini yake kulikuwa hakuna chuma, na ile sehemu kwenye Beetle ndo inayoshikilia bodi isijikunje. Ikabidi kukata kila kitu na rangi yangu ikaenda. Wakati wa kukata tegemeza bodi vizuri na pima nafasi za milango kabla na baada, vinginevyo milango haitafunga tena.

Kuhusu mikanda, funga ya pointi tatu, ule mtindo ambao Nils Bohlin aliubuni akiwa Volvo mwaka 1959, ila usiichomeke kwenye sakafu yenye kutu ukadhani una mkanda. Sehemu ya kushikia iwe chuma kizima, na kama gari haikuja na tundu zake basi kichomelewe kibamba kinene cha kusambaza mzigo. Hiyo kazi mpe anayejua kuchomelea kweli. Na tenki la petroli litoke nje ya gari kabla ya cheche yoyote, tenki tupu lina mvuke na linalipuka vibaya kuliko lililojaa.

Mdau wa 4:
Naomba niongelee hilo la kushusha maana naona ndo ndoto yako. Nilikuwa na umri wako, nikakata springi za mbele kwa grainda kwenye gari ya saluni ya miaka ya 70, ikalala chini nzuri hatari. Nimepita kwenye shimo gurudumu likaning'inia, springi fupi ikahama kwenye kikalio chake, kona iliyofuata gari ikaenda inakotaka yenyewe, tulisimama kwenye mtaro tukiwa wazima kwa neema tu. Ukitaka kushusha tumia vifaa vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo, na shokapu zinazoendana navyo.

Na yako injini iko nyuma na ekseli za nyuma zinapepea, yaani ukikata kona kwa kasi halafu ukaachia pedali ya mafuta ghafla gurudumu la nje linaweza kujikunja kuingia chini na mkia ukakupita. Chevrolet Corvair za 1960 mpaka 1963 zilikuwa na mtindo huohuo, ndo alizozikosoa Ralph Nader, mwanasheria wa Marekani, kwenye kitabu chake cha 1965 kuhusu usalama wa magari. Kiwanda cha hizo Corvair kilitaka upepo wa 15 psi mbele na 26 psi nyuma, wenye magari wengi wakawa wanajaza sawa kote na gari inabadilika tabia kabisa. Kwa hiyo tafuta kipimo cha upepo cha gari lako, mbele na nyuma, ukifuate.

Mdau wa 5:
Jeki ni ya kunyanyulia, sio ya kulalia chini yake. Stendi mbili kila mara. Sisemi mengi, nimemzika rafiki.

Mleta uzi:
Wakuu asanteni sana, na Mdau wa 5 pole sana kaka, stendi nimeazima leoleo.

Nimenyanyua kiti, betri haina kifuniko, nimechomoa waya. Sumaku imeshika upande wa kushoto wote, kulia imedondoka sehemu mbili. Mpira wa petroli nimeupinda ukakatikia mkononi, na mimi juzi nilikuwa naizungusha hivyohivyo. Masta ya vyumba viwili nimeanza kuulizia. Nimeangalia na tairi maana nimesoma zile tarakimu za tarehe, tangu mwaka 2000 zinakuwa nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. Za kwangu zote zina tatu, yaani ni za kabla ya hapo. Kwa hiyo hela ya rimu naipeleka kwenye tairi za saizi yake ya kawaida, michoro nimeiweka juu ya kabati.

Swali kwa Mdau wa 3: zile sehemu mbili kulia kila moja ni kama kiganja cha mkono, hapo inachomelewa kiraka au nikate ubavu mzima?