Wamisionari jirani zetu wanafunga geti mchana, waumini wananuna. Mlioishi nao mnasemaje?

Mama_Ntyuka:
Mbukwenyi wakuu, na Bwana asifiwe kwa walokole wenzangu. Niko Dodoma upande wa Msalato, ni mwanakamati wa akina mama kanisani kwetu Anglikana. Tumepokea familia ya wamisionari toka Australia, baba anafundisha wachungaji watarajiwa chuoni, mama anawafanyisha watoto wenye ulemavu mazoezi ya viungo asubuhi, na wana watoto watatu. Kiukweli ni watu wazuri, Kiswahili wanakisikia maana walianzia shule ya lugha Morogoro kabla ya kuletwa huku, na baba Jumapili anaenda vijijini na baiskeli kuhubiri hata kama vumbi la Agosti linafuka.

Shida iko nyumbani kwao. Mchana geti linafungwa, ukipiga hodi mlinzi anakwambia watoto wanasoma, Jumamosi ndo kabisa wanasema siku ya familia. Sasa juzi mzee mmoja wa kanisa katoka kijijini kwa miguu na kuku mkononi, shukrani yake hiyo kwa ajili ya mjukuu aliyefanyiwa mazoezi, akafika saa nane, mlinzi akampokea kuku akamshukuru, mzee akageuza hajapewa hata maji ya kunywa. Maneno yameshafika jumuiya zote, mara wana dharau, mara hela za dayosisi wanakula peke yao. Mchungaji kanituma mimi nikaongee na mama watoto. Naongea nini jamani? Niwaambie wafungue geti au niwaambie watu wetu wapunguze hodi?

mpishi_mstaafu:
Shikamooni wakubwa, wadogo marahaba. Mimi nimepika nyumba za mishen Mvumi miaka mingi tu, kuchemsha maji na kuchuja, kuoka mkate, kufukuza nyani kwenye mipapai, yote nimefanya. Watu wanadhani kule ndani ni raha, wangeona foleni ya barazani alfajiri! Mgonjwa anataka kupelekwa hospitali maana gari ni la mishen tu, mwingine ada ya mtoto, na ikifika Januari mpaka Machi hapo ndo usiseme, akiba ya uwele imeisha ghalani, mpya bado iko shambani, kila anayebisha anaomba unga. Bibi niliyempikia alikuwa anaumwa kichwa kila siku jioni. Mwisho tukaweka benchi chini ya mwarobaini nje ya uzio, mtungi wa maji na kata, chupa ya chai na vikombe, mimi ndo nakaa na wageni nawauliza za nyumbani. Bibi anatoka saa kumi anawakuta wameshatulia, anasikiliza mmoja mmoja. Hakuna aliyenuna. Mgogo hanuni kwa kukosa hela, ananuna kwa kurudishwa na kiu.

katekista_Kongwa:
Mama, kwanza hilo la hela za dayosisi lizime mapema. Wamisionari wa aina hiyo dayosisi haiwalipi mshahara, wanachangiwa na makanisa ya kwao, ndo maana utawaona usiku wanaandika barua za maombi na taarifa ya kazi, na baada ya muda fulani lazima warudi kwao kuzunguka makanisani kueleza walichofanya. Dayosisi inawatafutia nyumba na kibali cha ukaazi daraja C basi.

Pili la watoto. CMS, lile shirika la wamisionari wa Kianglikana, ilifika Mpwapwa 1876, na Waaustralia ndo wakashika huku kwetu toka 1927 Askofu Chambers alipowekwa kuongoza Dayosisi mpya ya Central Tanganyika. Kizazi cha zamani wengi walipeleka watoto bweni mbali, wengine mpaka Kijabe Kenya kwenye Rift Valley Academy, mzazi anamwona mwanae likizo tu, anahudumia watoto wa wenzie, wa kwake hayupo. Hao wa kwenu wameamua kukaa nao, mama asubuhi yuko na wagonjwa, mchana ndo anawafundisha mwenyewe mezani. Akifungua geti mchana hao watoto hawasomi.

Kijana_wa_Makole:
Acheni kuwatetea bana. Mchungaji wetu Mtanzania ana watoto wanasoma pia, wageni wanaingia mpaka saa sita usiku, mbona yeye hana siku ya familia? Au mtoto wa mzungu ndo ana haki ya kufanya homuweki peke yake

mke_wa_pasta:
Kijana wa Makole umenena ila umegeuza kichwa chini miguu juu. Mimi ndo mke wa hao wachungaji unaowasifia. Jioni nasonga ugali, hodi inapigwa, naongeza maji kwenye mlenda mpaka unakuwa chai, wanangu wanakula wa mwisho na daftari ziko kitandani maana sebuleni kuna kikao cha ndoa ya watu. Hakuna aliyeniuliza kama nimechoka. Na mimi nataka hilo geti! Hata la makuti. Mama Ntyuka ukienda usiende kumfokea, kamuulize alianzaje mpaka mumewe akakubali, halafu uje unipe majibu inbox.

mpishi_mstaafu:
😂😂 pole mama mchungaji. Ila Mama Ntyuka, la kuku lisiachwe hivyo. Hao wamisionari waende kwa yule mzee na watoto wao wote, wasitume mtu, wakae kwenye kigoda wale kitakacholetwa. Sukari kilo mbili inatosha mkononi. Wakishakula kwake hata geti lifungwe mwezi mzima atalitetea yeye mwenyewe.

Mama_Ntyuka:
Asanteni sana, nimeongea nae jana. La kuku hakuwa hata anajua, mlinzi alimwambia kuku kaletwa na jirani, machozi yalimtoka. Jumapili tunaenda wote kwa mzee baada ya ibada. Benchi kalikubali mara moja, maji na chai mlinzi atatoa, na wageni saa kumi. Mchana na Jumamosi kagoma na mimi sikumlazimisha. Mama mchungaji nakuja inbox, ni hadithi ndefu hiyo. Sasa benchi la watu sita la mbao ya kawaida mafundi wa Majengo wanafanya bei gani saivi? Wa kwanza kanitajia bei nikadhani ananiuzia kabati.

Kijana_wa_Makole:
ukienda na mzungu lazima ikupige, nenda peke yako