Mjadala: Je, nadharia zote za asili ya ulimwengu zina uzito sawa?

Ndugu zangu, hoja inayobishaniwa miongoni mwa walimu wa sayansi na wazazi hapa Mwanza ni kwamba, kwa kuwa wanasayansi wenyewe wanapingana kuhusu asili ya ulimwengu, mwanafunzi asomeshwe nadharia zote kwa uzito ule ule, kisha aachiwe achague ile inayomwingia akilini. Wanaoitetea wanatoa sababu tatu: hakuna aliyekuwepo kushuhudia, darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, imeona galaksi (makundi makubwa ya nyota) ambazo hazikutarajiwa, na Mlipuko Mkuu, yaani nadharia ya ulimwengu uliotanuka kutoka hali ya joto kali, wanasema, ni fundisho la watu wasiotaka kusikia habari za Muumba. Mimi ni mwalimu wa fizikia na ninaipinga hoja hiyo, kwa sababu inachanganya maswali mawili ambayo yasipotenganishwa hatutaelewana kamwe.

Swali la kwanza ni iwapo ulimwengu uliwahi kuwa na joto kali na msongamano mkubwa, kisha ukatanuka na kupoa hadi kufikia hali tunayoiona leo. Swali la pili ni nini kilichoanzisha hali hiyo, na kama kulikuwa na chochote kabla yake. Swali la kwanza lilikuwa na ushindani wa kweli, na ushindani huo uliamuliwa kwa ushahidi. La pili bado liko wazi, na anayemwambia mwanafunzi kwamba limekwisha kujibiwa anampotosha.

Ushindani ule ulikuwa mkali, na upande ulioshindwa haukuwa wa watu wa kubezwa. Mwaka 1927 Georges Lemaître, padre wa Kibelgiji aliyekuwa pia mwanahisabati, alionesha kwamba milinganyo ya Einstein kuhusu nguvu ya uvutano inaruhusu ulimwengu unaotanuka, na mwaka 1929 Edwin Hubble akachapisha vipimo vilivyoonesha kwamba kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyozidi kutukimbia kwa kasi. Lakini kasi ya mtanuko aliyoikadiria Hubble ilikuwa kubwa mno, kiasi kwamba ukirudisha hesabu nyuma unapata ulimwengu wenye umri wa takriban miaka bilioni 2 tu. Sasa tazameni mawe yetu: miamba ya matale iliyoubeba mji huu, pamoja na lile jiwe la Bismarck linalosimama majini, ina umri unaokadiriwa kuwa miaka bilioni 2.5 au zaidi. Kwa hesabu ya wakati ule, ulimwengu ungekuwa mdogo kwa umri kuliko mawe ya Mwanza. Si ajabu, basi, kwamba mwaka 1948 wanasayansi Fred Hoyle, Hermann Bondi na Thomas Gold walileta nadharia ya hali isiyobadilika, wakasema kwamba galaksi zinapoachana mata mpya, yaani vitu vipya, huzaliwa polepole kujaza nafasi, na kwa hiyo ulimwengu hauna mwanzo, na sura yake kwa ujumla ni ile ile siku zote. Kosa, kama ilivyokuja kubainika, lilikuwa katika kupima umbali wa galaksi, na Walter Baade alianza kulisahihisha mwaka 1952.

Kilichoiangusha nadharia ya Hoyle hakikuwa kura wala upendeleo. Kwanza, Martin Ryle na wenzake wa Cambridge walihesabu vyanzo vya mawimbi ya redio angani wakakuta vile hafifu, yaani vya mbali na vya zamani, ni vingi kuliko ambavyo ulimwengu usiobadilika ungeruhusu. Pili, na hili ndilo pigo kubwa, mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakitumia antena kubwa yenye umbo la pembe huko New Jersey, Marekani, walinasa mngurumo wa mawimbi ya redio ambao haukwisha hata walipoielekeza antena kila upande, wala walipowafukuza njiwa waliokuwa wakiishi humo na kukwangua mavi yao. Joto la mawimbi hayo lilikuwa karibu nyuzi 3 juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa inayowezekana. Ralph Alpher na Robert Herman walikuwa wamekadiria mapema, mwaka 1948, kwamba ulimwengu uliowahi kuwa moto ungeacha mabaki ya joto la nyuzi 5 hivi. Yaani utabiri ulitangulia, ugunduzi ukafuata baada ya miaka 16.

Wale tuliokulia Kirumba au Igogo enzi za televisheni za antena, kabla ya ving'amuzi, tuliwahi kuyaona mabaki hayo kwa macho yetu. Stesheni ilipokosekana kioo kilijaa chenga, na sehemu ndogo ya chenga zile, takriban asilimia 1, ilitokana na mawimbi hayo hayo ya tangu ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi. Ninapowaeleza wanafunzi jambo hili huwa natamani shule ingekuwa bado na televisheni moja ya zamani.

Setilaiti ya COBE, iliyorushwa mwaka 1989, ilipima mawimbi hayo na kukuta yanaufuata mchoro wa mawimbi yanayotolewa na kitu chenye joto la nyuzi 2.7 kwa usahihi wa ajabu. Tena, wanaastronomia wanapochunguza mawingu ya gesi yaliyo mbali sana, wanakuta joto hilo lilikuwa juu zaidi zamani, sawasawa na mtanuko unavyodai. Kuna pia gesi ya heli, ambayo ni karibu robo ya uzito wa mata ya kawaida. Hoyle mwenyewe, akishirikiana na Roger Tayler, alionesha mwaka 1964 kwamba heli nyingi kiasi hicho haiwezi kuwa imepikwa na nyota za kawaida; joto la ulimwengu mchanga ndilo linaloieleza. Namheshimu sana kwa hilo.

Kuhusu dai la kwamba hakuna aliyekuwepo, nawaomba mlitazame ziwa letu. Watafiti waliotoboa tope la chini ya Ziwa Viktoria, katika sehemu zake zenye kina kirefu, walikuta chini ya tope laini tabaka gumu la udongo uliowahi kukauka, wenye dalili za mizizi ya majani, na mwaka 1996 wakachapisha hitimisho kwamba ziwa lilikuwa kavu hadi takriban miaka 15,000 iliyopita. Hakuna mzee wa Ukerewe anayesimulia habari hiyo, lakini tope linaisimulia, na mtu yeyote mwenye vyombo anaweza kulirudia jaribio. Kinachobishaniwa bado ni namna mamia ya aina za samaki wadogo waitwao furu walivyotokea katika muda mfupi namna hiyo, kama wote walizaliwa humu au mababu zao walijihifadhi mitoni na katika maziwa jirani. Hakuna mtafiti makini anayesema kwamba, kwa kuwa fumbo la furu halijatatuliwa, basi ziwa halikukauka.

Ndivyo ilivyo kwa James Webb. Galaksi iitwayo JADES-GS-z14-0, iliyotangazwa mwaka 2024, inang'aa kuliko ilivyotarajiwa nasi tunaiona jinsi ilivyokuwa takriban miaka milioni 290 tu baada ya Mlipuko Mkuu. Jambo hilo linawalazimu wataalamu wafikiri upya jinsi nyota za kwanza zilivyoumbika haraka, lakini haligusi mtanuko wala joto la mawimbi yale ya kale. Hata hiyo miaka milioni 290 imepatikana kwa kutumia nadharia inayodaiwa kuvunjwa. Binafsi nasumbuliwa zaidi na mambo mengine mawili. Kasi ya mtanuko ikikokotolewa kutokana na mawimbi ya kale inatoka karibu 67, na ikipimwa kwa nyota na milipuko ya nyota inatoka karibu 73, kwa kilomita kwa sekunde kwa kila megapaseki (kipimo cha umbali wa angani), na tofauti hiyo haijapata maelezo yanayokubalika na wote. Na lithi, elementi nyepesi kama heli, iliyopo katika nyota za kale ni kama theluthi tu ya ile ambayo hesabu zinadai. Haya tusiwafiche wanafunzi.

Kuhusu imani nitasema kwa ufupi. Aliyeanzisha wazo hili alikuwa padre, na aliyelipinga kwa nguvu zaidi, Hoyle, hakuwa mtu wa dini. Papa Pius wa 12 alipolitumia mwaka 1951 kuthibitisha uumbaji, Lemaître hakupendezwa, kwa sababu hakutaka imani iegemezwe kwenye vipimo vinavyoweza kurekebishwa.

Sasa turudi kwenye swali la pili, ambako uhuru wa kuchagua una nafasi yake. Alan Guth alipendekeza mwaka 1981 kwamba ulimwengu ulifumuka kwa kasi kubwa mno katika sehemu ndogo kabisa ya sekunde ya kwanza. Wengi wanaukubali mfumuko huo, lakini mwaka 2014 kundi la watafiti wa darubini ya BICEP2 lilitangaza kuona alama yake, na haikupita hata mwaka ikabainika kwamba sehemu kubwa ya alama hiyo ilikuwa vumbi la galaksi yetu wenyewe. Paul Steinhardt, mmoja wa walioijenga nadharia hiyo, amekuwa mpinzani wake mkubwa. Yeye na Neil Turok wamependekeza ulimwengu unaopitia mizunguko, ambamo kinachoonekana kuwa mwanzo ni mpito tu. Turok alizaliwa Afrika Kusini, na familia yake ilipokimbia ubaguzi wa rangi aliishi Tanzania akiwa mtoto. Wanafunzi wetu wanastahili kulijua hilo. Wanafizikia Stephen Hawking na James Hartle walikuwa na wazo lingine mwaka 1983, na mwenzao Roger Penrose ana lake.

Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba darasani tuanze na ushahidi wa mtanuko, mawimbi ya kale na heli, tuioneshe nadharia ya Hoyle kama mshindani aliyepimwa akashindwa, ndipo tuyafungue mawazo ya Guth, Turok na Penrose bila kumpa yeyote ushindi. Anayeona nadharia zote zina uzito sawa, namwomba aeleze kwa hoja: mawimbi ya nyuzi 2.7 yanatoka wapi katika ulimwengu ambao haukuwahi kuwa moto, na kwa nini joto lake lilikuwa juu zaidi zamani?