MREJESHO: Yule mwanafunzi aliyenyamaziwa na wakulima Kigoma

Wadau, mwezi uliopita niliomba ushauri. Nasoma uandishi wa habari za kilimo, nimeletwa Kigoma kwa mafunzo kwa vitendo, na kila nikitoa kinasa sauti wakulima wananijibu kama wameitwa kwa mtendaji. Mkaniambia niache kinasa, nishike kazi.

Nimefanya hivyo. Huko Simbo nilimkuta mama mmoja anachambua chikichi, nikavuta kigogo nikachambua naye (vidole bado vina rangi ya mawese). Saa nzima hakunisemesha. Kisha akapasua chikichi mbili kwa kisu: "Angalia mwanangu." Moja ya aina ya mchikichi iitwayo dura, ganda nene, nyama kiduchu. Nyingine ya aina iitwayo tenera, ganda jembamba, nyama tele, na mawese hukamuliwa kwenye nyama hiyo. Sikuhitaji tena kuelezwa kwa nini TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo cha hapa Kigoma, wanahimiza tenera.

Habari yangu ya kwanza ilirudi na wino mwekundu, na nilistahili. Niliandika kwamba mkulima anaweza kuotesha mbegu zilizodondoka chini ya tenera zake. Kumbe tenera ni chotara wa dura na aina nyingine, pisifera. Zikichavushana zenyewe, nusu tu ya miche ndiyo hutoka tenera. Robo hurudi dura, robo huwa pisifera, ambayo mara nyingi haizai. Na mkulima atayajua hayo baada ya miaka kama mitatu ya kupalilia! Nilitoka jasho.

Nimeiandika upya, imepita. Jumamosi nakwenda kumsomea mama. Kasema nije na sabuni.